Kwa nini kila hadithi ya mtu aliyebadili jinsia lazima iishie siri kufichuka?

#1 Kalamu_Kivukoni

Habari zenu wakuu.

Naandika hadithi. Si kazi inayonilisha. Mchana nauza misumari, rangi na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, na mengi ninayoandika nayaandika kwenye simu nikivuka Likoni. Karibu hadithi zangu zote ni za watu transijenda: mwanamke aliyezaliwa akahesabiwa mvulana, mwanamume aliyelelewa kama binti, na wale wasiojiona upande wowote.

Hoja yangu ni hii. Hadithi za namna hii tumezifunga kwenye tukio moja. Msomaji anavutwa sehemu kumi na tano akijua kuna jambo limefichwa. Sehemu ya mwisho kitambulisho kinadondoka, au mlango wa bafu unafunguka, au shangazi anatoka kijijini na kulitaja jina la zamani mbele ya wakwe. Baada ya hapo ni kilio, kipigo au kaburi. Mhusika hana siku nyingine duniani ila hiyo.

Mimi nina mhusika anaitwa Zuhura, fundi cherehani wa Kisauni. Nimeandika sehemu nzima ambayo mteja kaleta kitambaa kisichotosha, harusi ni kesho, na Zuhura inabidi aunge kwapani kwa kipande cha rangi inayokaribiana, mshono ulale ndani mteja asiuone. Hiyo ndiyo shida yake ya siku ile. Msomaji anaambiwa tangu aya ya kwanza kuwa Zuhura ni mwanamke transi, kisha tunaendelea na gauni. Niliposambaza, karibu kila aliyenijibu aliuliza: "Atajulikana lini?" Atajulikana na nani tena, na wewe unajua tayari?

Naomba mnisaidie kufikiri. Kiu hii ya kufichua inatoka wapi? Na hadithi isiyo na siri inasimama?

#2 BintiPangani

Naweka kambi mapema.

Mimi ni msomaji tu, na jibu langu ni la kibiashara. Hadithi za mfululizo tunauziwa vipande. Kipande kinakatwa pale roho inapokuwa juu, inaandikwa "itaendelea", na ukitaka kinachofuata unatuma pesa. Bila siri, mtu atatuma pesa kwa ajili gani? Si hadithi za jinsia peke yake. Za wake wenza ziko hivyohivyo, mtoto si wa baba, na marehemu alikuwa na mke wa pili Tanga. Mwandishi anayeuza vipande analazimika kuficha kitu, na jinsia ndiyo inayofichika kirahisi akilini mwake.

Halafu Kalamu, Zuhura wako anakunywa chai kila baada ya aya mbili. Mpe hata maji ya madafu siku moja.

#3 Mzee_Kitabu

BintiPangani kasema kweli, ila jambo lenyewe ni la zamani kuliko simu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina Mabepari wa Venisi, kitabu kikatoka mwaka 1969, na waliosoma zama zetu wanaikumbuka ile kesi. Portia anavaa kiume, anaingia mahakamani kama mwanasheria, anamwokoa Antonio asikatwe ratili ya nyama. Mtawala aliyeketi hapo hajui. Bassanio, mume wa Portia mwenyewe, hajui. Sisi tunajua, na utamu wote uko hapo. Zaidi ya hayo, London ya Shakespeare wanawake hawakupanda kwenye majukwaa yale, kwa hiyo aliyeigiza Portia alikuwa mvulana aliyevaa kama mwanamke, anayejifanya mwanamume.

Kwa hiyo ndugu Kalamu, usiitupe siri. Ihamishe. Mwambie msomaji kila kitu ukurasa wa kwanza, kama ulivyofanya, kisha wahusika wengine ndio wasijue. Hapo hata mshono wa kwapani utasomwa kwa pumzi iliyoshikwa.

#4 Chipukizi_Songea

Wakuu salaam. Mimi pia ninayo hadithi ya hivi, imefika sehemu ya 9. Mhusika anaanza kunywa vidonge Jumatatu, wiki ya tatu sauti imekuwa nyembamba, ndevu zimepukutika, mwenye nyumba anamuuliza "wewe binti unamtafuta nani?" Wasomaji wameipenda kupita kiasi.

Naona kiu si ya siri, ni ya mageuzi. Bibi zetu walitusimulia mtu anaingia pangoni anatoka nyoka, anatoka sultani. Msomaji anataka kuona mtu akigeuka mbele ya macho yake. Kufichuliwa ni mlango tu wa kumpitisha huko.

#5 Nesi_wa_Zamu

Chipukizi, nakuomba uirekebishe hiyo sehemu kabla haijasambaa zaidi, maana watu wanajifunzia afya kwenye hadithi.

Sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe hairudi kuwa nyembamba kwa estrojeni, homoni ya kike. Mwanamke transi anayebadili sauti anaifanyia mazoezi, miezi na miaka, namna ya kuivuta na kuipandisha. Ndevu nazo hazipukutiki kwa vidonge. Nywele za mwili hupungua, lakini za kidevuni huondolewa kwa leza au umeme, na wasio na uwezo wananyoa kila siku. Upande wa pili, wa wanaume transi, ndio mambo yanakwenda kasi: testosteroni, homoni ya kiume, hufanya sauti kuwa nzito ndani ya miezi, na ikishakuwa nzito inabaki hivyo hata mtu akiacha dawa.

Na kwa wale wanaoandika "ugonjwa wa akili": Shirika la Afya Duniani liliuondoa utambulisho huu kwenye sura ya magonjwa ya akili. Orodha yao mpya ya magonjwa, ICD-11, ilipitishwa Mei 2019 na ikaanza kutumika Januari 2022.

Mageuzi yapo, Chipukizi, ila ni ya polepole. Hapo ndipo ninapoungana na mtoa mada. Mambo ya polepole yanataka mwandishi wa siku za kawaida.

#6 Mpita_Njia

Mimi nitasema wanaloogopa wengine. Msomaji anangoja afichuliwe kwa sababu haya mambo kwetu hayakuwepo. Ni ya Ulaya. Kitu kigeni kikiingia kwenye hadithi, msomaji atakikodolea macho. Sina chuki na mtu.

#7 Mswahili_Maskati

Mpita_Njia, karibu, ila hapo nakupinga. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, alikaa Sohar hapa Oman miaka ya 1970 na mwaka 1977 akachapisha makala kuhusu watu waliozaliwa wanaume ambao jamii iliwahesabu katikati. Walikaa na wanawake, waliimba nao harusini, walivaa kanzu za rangi wakati wanaume wengine wanavaa nyeupe. Kisheria walibaki na majina na haki za kiume. Wasomi wenzake walimbishia jinsi alivyolieleza jambo hilo, na si sahihi kuwaita watu wale kwa jina la leo kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini "hayakuwepo" haisimami.

Ninachokichukua mimi kutoka kwenye makala ile: hakuna aliyefichuliwa. Mtaa mzima ulijua. Watu waliishi.

#8 Kalamu_Kivukoni

Asanteni sana. Namjibu Mzee kwanza, maana hoja yake imenikaa.

Portia anavaa joho kwa kazi maalumu. Kesi ikiisha anarudi nyumbani kwake Belmont, anamchokoza mumewe kidogo kuhusu pete, na anabaki yule aliyekuwa tangu mwanzo. Zuhura hana joho la kuvua. Gauni lake ni gauni lake, kitenge chake ni chake. Nikimwandika kwa mpango wa Portia, hata bila kutamka neno baya, nitakuwa nimemfundisha msomaji kwamba uanamke wa Zuhura ni vazi na chini yake yuko mtu mwingine, wa kweli, tunayemsubiri. Hapo ndipo kifua kinaponibana kila ninapoulizwa "atajulikana lini". Swali linadai aliyepo mbele yetu hajajulikana bado. Mimi nimempa sehemu nzima ajulikane: mkono wake kwenye mkasi, hasira yake kwa mteja bahili, jinsi anavyohesabu chenji mara mbili. Kama hayo hayamtambulishi mtu, sijui kinachomtambulisha.

BintiPangani, madafu nimeyapokea.

#9 Leila_wa_Majengo

Nimesoma kimya muda mrefu, leo nasema. Mimi ni mwanamke transi, na nina neno kwa pande zote mbili.

Kalamu, naipenda hadithi yako, lakini usiifute siri kabisa, kwa sababu maisha hayajaifuta. Nikinunua sukuma na kulipa kwa pesa za simu, jina linalotokea kwenye simu ya mama mboga si langu. Ananitazama, anaitazama simu, ananitazama tena. Mimi husema, "Hiyo ni laini ya kaka." Kaka huyo hayupo duniani, na ndiye anayelipia mboga zangu zote. Siku moja mama akaniambia, "Una kaka mwema sana."

Mnaoandika tukio moja kubwa la kufichuliwa mnakosea hapo. Halitokei mara moja. Linatokea dogo, kwa mama mboga, kwa mlinzi getini, kwa fundi wa umeme anayetaka kuona kitambulisho, na kesho yake linaanza upya kana kwamba jana haikuwepo. Mtu anachoka. Ule uchovu sijauona kwenye hadithi hata moja.

#10 BintiPangani

Leila dada yangu, hapo kwa kaka mwema umeniliza. Kalamu, hiyo ni sehemu nzima, na mimi nitailipia.

#11 Nesi_wa_Zamu

Leila, ongeza na foleni ya hospitali. Jina linaitwa kwa sauti kama lilivyo kwenye kadi, watu arobaini wamekaa kwenye mabenchi, na anayesimama si yule waliyemtarajia. Nimeona watu wanakaa kimya, wanaacha jina lao lipite, wanaondoka bila dawa. Siku hizi nikiwa zamu naita namba.

#12 Chipukizi_Songea

Nesi nashukuru kwa maelezo, narekebisha kuanzia sehemu ya 9. Ila mambo ya vitambulisho mnayakuza. Kenya mahakama ilishampa yule dada transi, Audrey Mbugua, jinsia mpya kwenye vyeti, kwa hiyo mhusika wa Mombasa anaweza kwenda mahakamani tu, yakaisha.

#13 Wakili_Mtaani

Hapana Chipukizi. Kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani iliamuliwa Oktoba 2014 na Jaji Weldon Korir. Alichoagiza ni cheti cha kidato cha nne kitolewe upya kwa jina lake jipya na bila alama ya jinsia. Kuondoa alama ni jambo moja, kuandika nyingine ni jambo jingine. Mwandishi akilichanganya hilo, hadithi yote ya kisheria itayumba.

Na nimeona kwenye nyuzi nyingine watu wanachanganya transijenda na huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya upande mmoja. Hao sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Watu transi hawamo kwenye hesabu hiyo.

Kilicho rahisi zaidi ni jina. Unatia saini hati ya kubadili jina, inasajiliwa, na tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lugha ya tangazo lile ni nzito: mtu anatamka kwamba ameliacha na kulikana kabisa jina lake la zamani, na anawataka watu wote, nyakati zote, wamwite kwa jina alilolichukua. Kalamu, sina hadithi, ila nikiyasoma matangazo yale Ijumaa huwa nawaza nyumba zilizo nyuma yake.

#14 MjukuuWaGuka

Wakili umegusa jina, na mimi nina langu.

Kwetu Ugikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la baba yake baba, wa pili la baba yake mama. Si jina tu, ni mtu amerudi. Mama yangu alimwita kifungua mimba wetu "baba" tangu akiwa mchanga, kwa sababu alibeba jina la baba mkwe, na alimtengea nyama kwa heshima hiyohiyo. Kifungua mimba huyo leo ni dada yangu. Nyumbani hakuna aliyelia kwa sababu ya nguo wala nywele. Baba alilia kwa sababu ya jina. Alisema, "Babangu mnampeleka wapi?"

Dada alikataa kulikana, akakataa pia kuitwa hivyo. Wamekwenda hivyo muda mrefu. Sasa mama anamwita "mwanangu", basi, na chakula kinaliwa.

Kwa hiyo maelezo yangu kwa Kalamu ni tofauti na ya wote: msomaji wetu anangoja kufichuliwa kwa sababu anawangojea wazazi. Anajua mtu hana jina lake peke yake. Anataka kujua yule babu atawekwa wapi. Mpe familia mapema na hatauliza tena.

#15 Mpita_Njia

Hii ya babu nimeielewa. Bado sijakubali mengine, lakini hii nimeielewa.

#16 Ustadh_Mkwajuni

Assalaam alaykum. Kwa kuwa Zuhura ni wa Kisauni, nadhani ni Mwislamu, na mwandishi atafika kwenye mambo ya dini atake asitake. Nitasema machache.

Fiqhi ya zamani, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ilimjadili khuntha (ndiye huntha wa Wakili) kwa kina: atasimama safu gani, atarithi vipi, na akifa nani atamuosha. Katika kuosha walihitilafiana, wapo waliosema anatayamamishwa kwa udongo safi badala ya kuoshwa. Lakini khuntha si yule mnayemzungumzia hapa, Wakili ameshaeleza. Wengi watakuletea fatwa ya Misri ya 1988, ya Sheikh Tantawi alipokuwa Mufti, kuhusu mwanafunzi wa chuo cha al-Azhar aliyefanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia. Isome kwa makini, kwa sababu wanaoruhusu na wanaokataza wote wanaitumia. Iran walikwenda njia nyingine miaka ya 1980, kiongozi wao Khomeini alipomruhusu Maryam Khatoon Molkara, mwanamke transi, kubadili jinsia.

Mimi msimamo wangu ni wa kukataza, sitauficha. Ila nakuomba mwandishi usimwandike sheikh wa mtaa kama mtu wa kupiga kelele tu. Wapo walioitwa kwenye nyumba hizi usiku na wazazi, wakakaa mpaka alfajiri wakisikiliza.

#17 Kalamu_Kivukoni

Wa alaykum salaam Ustadh. Hatuko pamoja kwenye hukumu, lakini sheikh anayekaa mpaka alfajiri nitamwandika kwa heshima anayostahili.

#18 Bongo_Toronto

Nachelewa kwa sababu ya saa za huku. Huku Kanada nimesoma sana hadithi za aina hii zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu wa kawaida kama Kalamu, bila malipo. Nyingi zinaanza kwa uchawi, ajali, dau lililopotezwa, au mtu kulazimishwa kuvaa. Mara chache mhusika anataka mwenyewe. Na karibu zote zina tukio la kioo: anasimama, anajitazama, analia. Nadhani waandishi wengi walikuwa wanajificha, na hadithi iliwapa ruhusa ya kutamani bila kuonekana wametamani. Siri unayoiona kwenye hadithi huenda ni siri ya aliyeandika.

Kiingereza pia kinamlazimisha mwandishi achague kiwakilishi cha kike au cha kiume kila sentensi. Kiswahili hakikulazimishi, kwa hiyo kuficha huku kwetu ni rahisi mno, na kilicho rahisi kitatumiwa.

#19 Mzee_Kitabu

Rahisi kwa kurasa tatu, Bongo. Ukifika kwenye wifi, shemeji, kuoa na kuolewa, lugha inakudai. Na riwaya yetu ya maana itafika harusini tu. Hebu jaribu kuandika posa nzima bila kusema nani anaposwa.

Kalamu, nimekisoma ulichoandika kuhusu joho na nakubali nusu. Nusu nyingine ni hii: hata mshono wako wa kwapani ni siri. Umemficha mteja kitu. Hadithi yako isiyo na siri ina siri.

#20 Leila_wa_Majengo

Mzee, ile ni siri ya kazi, kila fundi anayo. Haimtishi mtu maisha.

Na kioo, Bongo, mimi sikukitazama nikalia. Nilikitazama kwa sababu ya ndevu. Weka rangi ya mdomo nyekundu iliyokaribia chungwa kwenye kidevu, igongegonge kwa kidole mpaka ishike, halafu poda, halafu ndiyo fandesheni. Ule weusi wa mzizi wa ndevu unapotea. Fandesheni peke yake inauacha kijivu. Kalamu, kama Zuhura anatoka nyumbani saa moja asubuhi, lazima awe ameamka kumi na moja, na kidevu kinawasha kwa wembe. Andika hivyo.

#21 BintiPangani

Leila, rangi hiyo hata mimi nitaitumia kwa madoa ya chunusi. Uzi umekuwa wa urembo sasa, lakini nimefaidika.

#22 MtiMkavu_Bujumbura

Jamani naomba kuuliza. Wakili, lile tangazo la Gazeti Rasmi linataja jina la zamani na jipya yote mawili?

#23 Wakili_Mtaani

Yote mawili, ndugu. Lazima isomeke nani ameliacha jina gani. Na linabaki kwenye kumbukumbu, mtu yeyote anaweza kulitafuta.

#24 MjukuuWaGuka

Basi hilo tangazo ndilo kufichuliwa kwenyewe. Serikali imeandika mwisho uleule ambao Kalamu anaukataa.

#25 Kalamu_Kivukoni

Sikubali, Mjukuu. Kwenye tangazo anayetaja jina la zamani ni mwenye jina, kwa saini yake, na analitaja ili aliweke chini. Shangazi akilitaja mbele ya wakwe anamvua mtu nguo. Mwandishi anayeona mambo hayo mawili kuwa sawa hajamsikiliza mhusika wake.

#26 Leila_wa_Majengo

Mimi nimo katikati yenu. Saini ni yangu, kweli. Lakini jirani akilisoma, atasoma lile la kwanza.

#27 Mzee_Kitabu

Na Gazeti linatoka Ijumaa. Harusi za Mombasa ni lini?

#28 Kalamu_Kivukoni

Mzee, usinipangie njama! Ila nimelisikia swali. Niko kivukoni, feri imefika, nitarudi jioni.